Edward Moringe Sokoine: Kutoka Malisho ya Monduli hadi Mpunga wa Delta ya Rufiji

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

KATA ya Maparoni, wilayani Kibiti mkoani Pwani, inatofautiana na Monduli karibu kwa kila kitu. Monduli ni nchi ya nyasi, mifugo na upepo mkavu. Maparoni imo ndani ya delta ya Mto Rufiji, ambako maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, msafiri hutegemea chombo kuliko barabara, na mkulima hupanda mpunga akiwa na mikoko mgongoni na bahari mbele yake. Mtu wa Monduli aliyezaliwa katika boma la wafugaji hakuwa na sababu ya wazi ya kukumbukwa katika mashamba ya namna hiyo. Hata hivyo, jina la Hayati Edward Moringe Sokoine hufika huko, nalo hufika kwa njia ya chuo kikuu.

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 Monduli, mkoani Arusha, katika familia ya Kimaasai. Wakati huo watoto wa wafugaji waliopelekwa shule walikuwa wachache, na wazazi wengi waliona darasa kuwa njia ya kumpoteza mchungaji. Yeye alianza masomo Monduli mwaka 1948, akaendelea hapo hadi shule ya kati, kisha akajiunga na Shule ya Sekondari Umbwe, mkoani Kilimanjaro, ambako alikuwa hadi mwaka 1958. Miaka hiyo kumi ndiyo ilimtoa katika zizi na kumwingiza katika utumishi wa umma.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, alijiunga na chama cha TANU. Mwaka uliofuata alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, akarejea 1963 na kupewa kazi ya utendaji katika Wilaya ya Masai. Ilikuwa kazi ya kuzunguka: kuhesabu mifugo, kusuluhisha ugomvi wa maji na malisho, kuwashawishi wazee wawaachie watoto waende shule. Mwaka 1965 wananchi wa Masai walimchagua kuwa Mbunge wao, akiwa na umri wa miaka 27.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka, lakini hakukuwa kwa kelele. Mwaka 1967 aliteuliwa Naibu Waziri katika wizara iliyoshughulikia mawasiliano na uchukuzi. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, na mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Tarehe 13 Februari 1977, siku chache baada ya kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi, Rais Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Alikuwa na miaka 38.

Kipindi chake cha kwanza kiligubikwa na vita. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Serikali ikalazimika kuielekeza nchi nzima katika kuyatoa. Kazi ya kuupanga uchumi kwa ajili ya vita ilimwangukia Waziri Mkuu: malori ya mashirika na ya watu binafsi yakusanywe, chakula kipatikane, mafuta yasogezwe maelfu ya kilomita hadi kaskazini magharibi. Vita vilishinda, lakini viliacha hazina tupu. Mwezi Novemba 1980 Sokoine aliondoka katika wadhifa huo kwa sababu za afya, akaenda kusoma Yugoslavia. Nafasi yake ilichukuliwa na Cleopa Msuya.

Aliporudishwa katika uwaziri mkuu tarehe 24 Februari 1983 alikuta nchi yenye foleni. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na vitenge vilikuwa bidhaa za kutafutwa kwa kujuana. Mvua hazikuwa za kutegemewa, mazao yalikuwa machache, na viwanda vilifanya kazi chini ya uwezo kwa kukosa fedha za kigeni. Kabla mwezi wa pili wa utumishi wake haujaisha, Serikali ilianza msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Maghala yalifunguliwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa, na watu wengi wakakamatwa.

Wananchi wengi wa kawaida walimpenda kwa hilo, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi hadi leo. Haki inataka isemwe pia kwamba sheria maalumu ya mwaka 1983 iliyoendesha mashauri hayo ilikuwa kali, kwamba si kila aliyekamatwa alikuwa mkosaji, na kwamba mwaka uliofuata Bunge liliiweka kando na kutunga nyingine iliyorudisha mashauri ya namna hiyo chini ya Mahakama Kuu. Sokoine mwenyewe alijulikana kuwa mtu aliyeishi maisha ya kawaida, na sifa hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kuwabana wengine.

Msako huo umefunika mambo mengine aliyoyasimamia, nayo ndiyo yaliyodumu zaidi. Mwaka huohuo wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria mjini Dar es Salaam, na ndipo daladala zilipopata mlango wa halali. Mwaka huohuo ilitolewa Sera ya Taifa ya Kilimo, iliyokiri kwamba mkulima anahitaji bei nzuri, pembejeo na usalama wa ardhi, wala si wito peke yake. Na mwaka huohuo ilitungwa sheria ya nguvukazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi halali. Mijini sheria hiyo ilimaanisha watu kukamatwa mitaani na kupelekwa vijijini kulima, na wengi wao walirudi mjini kwa miguu yao wenyewe.

Kati ya sera ya kilimo na sheria ya nguvukazi mna tofauti ambayo wasifu wake mwingi huiruka. Sheria ilidhani upungufu wa chakula ulitokana na uchache wa mikono shambani, ilhali sera iliona mbali zaidi. Mikono ilikuwapo, kilichokosekana ni mbegu inayostahimili magonjwa, mtu wa kumwelekeza mkulima, barabara na soko. Serikali ya Sokoine ilizisukuma zote mbili kwa wakati mmoja, na huenda kama angeishi angeona ipi ilizaa.

Hakuishi. Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, baada ya kikao cha Bunge mjini Dodoma, alianza safari ya kurudi Dar es Salaam kwa barabara. Eneo la Wami-Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mmoja wa wapigania uhuru waliokuwa wamepewa hifadhi mkoani humo. Sokoine alifariki dunia akiwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia Taifa msiba huo kupitia Redio Tanzania, na waliosikiliza wanakumbuka uzito wa sauti yake. Alizikwa kwao Monduli Juu. Salim Ahmed Salim aliapishwa kushika nafasi yake kabla mwezi huo haujaisha.

Mji wa Morogoro, ulio katika mkoa alimofia, ulikuwa tayari na kitivo cha kilimo. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kutoa stashahada, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha West Virginia cha Marekani. Mwishoni mwa muongo huo kikawa sehemu ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katika miaka ya 1970 kikaongezewa misitu na tiba ya mifugo. Kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1984 Bunge lilikigeuza kitivo hicho kuwa chuo kikuu kinachojitegemea kuanzia tarehe 1 Julai 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu aliyekuwa ameaga dunia wiki zisizofika kumi na mbili kabla. Rais Nyerere alikizindua mwezi Septemba mwaka huohuo. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mtaalamu wa ufundishaji wa hisabati.

Wapo watu waliopewa jina la uwanja, barabara au hospitali, na Sokoine anazo pia: uwanja wa michezo Mbeya, barabara mjini Dar es Salaam, hospitali ya rufaa ya mkoa Lindi. Lakini chuo kikuu ni kumbukumbu ya aina nyingine kwa sababu hakikai kimya. Kila mwaka kinatoa watu, na watu hao hupelekwa mahali.

Pana jambo jingine kuhusu chuo hicho ambalo si wengi wanaolijua. Mazimbu, Morogoro, ndiko chama cha African National Congress kilikojenga shule yake kwa ajili ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992, wapigania uhuru walipoanza kurudi kwao, majengo hayo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Humo ndimo wanamofundishwa walimu wa fizikia, kemia, baiolojia na hisabati. Kwa hiyo chuo kinachoitwa kwa jina la Sokoine kinasomesha walimu wa sayansi katika nyumba zilizojengwa na wakimbizi wa nchi aliyotoka dereva yule. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Kazi za utafiti za SUA zimefanywa kwa kiasi kikubwa kwa kushirikiana na vyuo vya nje, na ni vyema kutaja zile zinazojulikana. Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Washington State cha Marekani, watafiti wa Morogoro walizalisha maharage, na mwaka 1990 ikatolewa mbegu inayoitwa SUA 90. Mwaka 1997 ikafuata Rojo. Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji walichunguza panya wa mashambani, wakaonyesha kuwa mvua nyingi zinapoanza mapema mwishoni mwa mwaka, mlipuko wa panya huweza kutabiriwa kwa mwaka unaofuata. Ushirikiano huohuo ndio uliozaa mradi wa kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, ambao umekuwa Morogoro tangu mwaka 2000. Kuanzia 2011 Chuo Kikuu cha Ohio State kiliongoza mradi wa kuwasomesha Watanzania shahada za juu za kilimo, wengi wakifanya utafiti wao nchini.

Maharage si zao la delta, na mkulima wa Maparoni anaweza kuuliza kwa haki hayo yote yanamhusu vipi. Jibu lake limo katika maji na mikoko.

Mto Rufiji hukusanya maji kutoka eneo la takriban kilomita za mraba 177,000. Sehemu kubwa ya maji hayo huletwa na Kilombero, mto unaopita bonde la mpunga na miwa mkoani Morogoro. Ruaha Mkuu na Luwegu huleta yaliyobaki. Kinachofanywa na mkulima wa Ifakara au Mbarali, iwe ni kukata msitu, kufungua mfereji au kunyunyiza dawa, hatimaye hupita delta kabla ya kuingia baharini. Tangu kujengwa kwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, maji na matope hayo yana kituo kingine njiani.

Katika delta yenyewe, maji baridi ya masika husukuma chumvi nyuma kwa miezi michache, na katika miezi hiyo mpunga huota mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa na mikoko. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Sokoine akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza, mkondo mkuu wa mto ulihamia upande wa kaskazini wa delta. Huko maji yakawa baridi zaidi, na watu wakaufuata mto kwa majembe na mashoka. Wakulima hukata mikoko, huchoma, hupanda, hujenga dungu la kulindia ndege na nguruwe pori. Misimu ya mwanzo huwa mizuri. Kisha magugu huzidi, kaa hukata miche ikiwa bado michanga, na baada ya miaka kadhaa shamba huachwa na jingine hufunguliwa. Sheria inasema mikoko yote ni hifadhi ya Serikali. Mkulima anasema watoto wanakula wali.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara na mkusanyiko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na Uarabuni kuezekea nyumba za mawe, na hadi leo mkoko na mkandaa ni mbao ya ujenzi, mchu ni kuni ya kuchomea chokaa, na mkomafi ni samani. Ndani ya mizizi yake hukulia kamba wanaovuliwa katika bahari ya Rufiji na Mafia. Mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandaa mpango wa kwanza wa usimamizi wa mikoko yote ya Tanzania Bara, uliotenga maeneo ya kuhifadhi kabisa, ya kuvuna kwa kiasi, na ya kurejesha. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mchango wa SUA ulifuata baadaye, na ulikuwa wa kazi ngumu na isiyoonekana sana. Chini ya programu ya utafiti wa mabadiliko ya tabianchi iliyofadhiliwa na Norway, na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha nchi hiyo, watafiti waliingia katika mikoko ya Pangani, Bagamoyo, Rufiji na Lindi na Mtwara. Walipima miti ya mkoko, mchu na mlilana, wakaangusha baadhi, wakafukua mizizi yake kutoka katika tope, wakapima uzito wa kila sehemu. Kutokana na vipimo hivyo zilitungwa kanuni za kihesabu zinazomwezesha mtu kujua uzito wa mti, pamoja na kaboni iliyomo, kwa kupima unene wa shina na urefu wake bila kuukata. Aliyewahi kuchimba mzizi wa mkoko maji yakijaa atajua gharama ya takwimu hiyo.

Kanuni hizo ni msingi wa jambo kubwa zaidi. Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni (NCMC) kiko SUA Morogoro, na tangu mwaka 2022 nchi ina kanuni za biashara ya kaboni zinazogawa mapato kati ya wahusika. Ikiwa siku moja kijiji cha delta kitalipwa kwa kuuacha msitu wake usimame, hesabu ya malipo itaanzia katika mizizi ile iliyofukuliwa. Lakini hesabu haimalizi ugomvi wa ardhi. Mkulima aliyeacha shamba lake la mpunga lirudi kuwa mikoko anahitaji chakula msimu huohuo, si cheti, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo utafiti wa mbegu za mpunga zinazostahimili chumvi na mafuriko unapopaswa kutangulia biashara yoyote ya hewa.

Watu wa kuifanya kazi hiyo wanatakiwa kutoka mahali fulani. Kwa muda mrefu watoto wa visiwa vya delta wamekwama mapema katika masomo ya sayansi kwa kukosa walimu na maabara, kama ilivyokuwa kwa watoto wa wafugaji wakati Sokoine anasoma Monduli. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), wenye thamani ya Dola za Marekani milioni 425, unajenga na kukarabati maabara na madarasa katika vyuo vikuu vya umma, SUA ikiwemo, na ufadhili wa Samia huwalipia ada wahitimu bora wa kidato cha sita waliochukua sayansi. Kijana wa Maparoni atafaidika na hayo iwapo tu atafika kidato cha sita.

Tarehe 12 Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliungana na familia na wananchi Monduli katika misa ya kumbukizi ya miaka 40 ya kifo cha Sokoine. Wiki hiyohiyo Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji. Mto ulikuwa umefurika, nyumba zimeanguka, na mashamba ya mpunga na mahindi yamelala chini ya mafuriko muda mfupi kabla ya kuvunwa. Maji yalipopungua, wakulima wa bonde walifanya kile walichofanya babu zao baada ya kila mafuriko: walipanda mlau katika udongo mbichi ulioachwa na mto.